Upande Mmoja wa Santuri, Vyungu Sita: Mwongozo Kamili wa Kusikiliza Muziki na Kutunza Bustani Nyumbani

Santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika hubeba takribani dakika 20 za muziki kila upande. Kumwagilia vyungu sita, kung'oa magugu yaliyochomoza na kupekua chini ya majani huchukua dakika hizo hizo. Jambo hili nililigundua kwa bahati, kopo la maji likiwa mkononi, huku ndani sindano imefika mwisho wa santuri na inagonga tki, tki, tki, kama mgeni anayebisha hodi asifunguliwe. Tangu siku hiyo upande mmoja wa santuri ndio saa yangu ya bustani, na mwongozo huu umejengwa juu ya kipimo hicho.

Wengi wanaoingia kwenye burudani hizi huanza na kununua. Mtu ananunua spika kubwa kuliko chumba, ananunua mbegu za aina kumi na tano, na baada ya miezi miwili spika zina vumbi na vyungu vina udongo mkavu uliopasuka. Ukifuata mpangilio huu utatumia fedha mwishoni, si mwanzoni.

Hatua ya 1: Mahali kwanza

Tenga siku moja uyatazame majua ya nyumbani kwako. Asubuhi jua linaingia wapi? Adhuhuri je? Jioni linaondokea dirisha gani? Andika. Mimea inayozaa matunda, kama nyanya na pilipili, inataka jua la moja kwa moja kwa muda wa saa sita hadi nane kila siku. Saladi, nanaa na mboga nyingi za majani huridhika na nusu ya hapo. Ukiwa kaskazini mwa ikweta, dirisha linalotazama kusini ndilo hupata jua zaidi. Ukiwa kusini mwa ikweta, kinyume chake. Walio karibu na ikweta wenyewe wasiamini kipimo cha siku moja, maana jua huhamia upande wa pili kadiri miezi inavyokwenda.

Kisha simama katikati ya chumba upige kofi moja kubwa. Ukisikia mlio unaorudi kama wa ndani ya debe tupu, chumba kina kuta na sakafu zilizo wazi mno, na hakuna spika itakayokutibu tatizo hilo. Zulia, pazia zito, kochi la kitambaa au rafu iliyojaa vitabu hufanya kazi kubwa kuliko kifaa kipya.

Sasa weka mpaka kati ya muziki na mimea. Mita mbili zinatosha. Maji na umeme havipatani, hilo linajulikana, lakini kuna mengine mawili ambayo watu huyasahau. La kwanza ni unyevu: rafu ya santuri iliyosongwa na vyungu hupata ukungu kwenye majalada, na ukungu ukishazoea karatasi ni vigumu kuuondoa. La pili ni jua. Santuri za leo ni plastiki ya PVC, nayo hulegea kwa joto. Niliwahi kuegemeza santuri tatu dirishani "kwa dakika tano tu" nikazama kwenye miche. Nilipozikumbuka, ile ya mbele ilikuwa imejikunja ukingoni kama sahani ya karatasi iliyomwagikiwa chai. Nilijaribu kuicheza. Sindano ilipanda na kushuka juu yake kama mtumbwi penye mawimbi, na sauti ya mwimbaji ikawa inayumba kama ya mlevi. Ile santuri nimeitundika ukutani.

Na tafadhali, chungu cha maua kisikae juu ya spika wala juu ya amplifaya, yaani kikuza sauti. Najua kinapendeza kwenye picha.

Hatua ya 2: Anza na chombo ulicho nacho

Simu na spika moja nzuri vinatosha kuanzia. Kama una kaseti, zitoe kabatini: ya C60 ina nusu saa kila upande na ya C90 ina dakika 45, kwa hiyo C90 inafaa siku za kazi nzito ya bustani. Safisha kichwa cha mashine ya kaseti kwa pamba yenye spiriti safi kabla ya kumlaumu mwimbaji kwa sauti iliyofifia, na utepe ukilegea kaza kwa penseli. Kama una CD, umekaa vizuri kuliko unavyodhani. Teknolojia hiyo iliingia sokoni mwaka 1982, hurekodi sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa kila sekunde, na kwa ukimya wa mandharinyuma inaishinda santuri bila ubishi.

Kwa nini basi naing'ang'ania santuri? Kwa sababu inaninyanyua. Kila baada ya dakika 20 lazima niende kuigeuza, na nikishasimama nauliza: vyungu vipo vipi? Orodha ya nyimbo isiyo na mwisho kwenye simu haikuulizi chochote.

Upande wa mafaili, MP3 hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo. FLAC hubana bila kutupa kitu. Je, sikio lako linaijua tofauti? Mwombe mtu akuchezee wimbo ule ule kwa namna zote mbili bila kukuambia ipi ni ipi, mara kumi. Ukibahatisha nusu kwa nusu, endelea na ulichonacho na fedha iende kwenye udongo.

Hatua ya 3: Kununua mashine ya santuri iliyotumika

Mashine ya zamani iliyotunzwa mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bei ya chini, hasa zile za sanduku ambazo spika imejengwa ndani yake. Spika ikitetema, sanduku linatetema, na sindano inasikia vyote.

Ukienda kuikagua, usianze na muziki. Iwashe, weka kipande cha karatasi chenye alama pembeni mwa sahani inayobeba santuri, uhesabu mizunguko. Kwa mwendo wa 33 na theluthi, mizunguko 100 inachukua dakika tatu kamili. Ikichelewa, huenda mkanda wa mpira umelegea, jambo dogo. Ikienda kwa kusitasita, huenda mota ndiyo mgonjwa. Halafu shika mkono wa sindano kwa upole, uusogeze kutoka nje hadi katikati. Unapaswa kuteleza bila kukwama popote na bila kucheza kwenye egemeo lake kama jino bovu. Sindano yenyewe chukulia kwamba imechoka. Sindano nyingi hudumu saa 500 hadi 1,000 za kucheza, na muuzaji hajui imecheza ngapi. Ingiza bei ya mpya kwenye hesabu yako.

Jambo linalowachanganya wengi ni tundu la kuchomekea waya wa mashine. Santuri inapochongwa, besi hupunguzwa na sauti nyembamba hukuzwa, la sivyo mifereji ya besi, ile ambamo sindano hupita, ingekuwa mipana na upande mmoja usingetosha nyimbo. Wakati wa kucheza, lazima kuwepo kifaa kinachogeuza upotoshaji huo na kukuza umeme wa sindano, ambao ni milivolti chache tu. Kifaa hicho ama kimo ndani ya mashine, ama kimo ndani ya amplifaya nyuma ya tundu lililoandikwa PHONO, ama kinanunuliwa peke yake. Ukiunganisha bila hicho, utasikia muziki mwembamba wa mbali kama unatoka chini ya mto wa kulalia. Ukikipitisha mara mbili, utasikia besi nzito inayokoroma. Na ukisikia mvumo wa "mmmm" usiokoma, tafuta ule waya mwembamba wa ardhi uliosahaulika, uufunge kwenye skrubu yake.

Hatua ya 4: Kuusawazisha mkono wa sindano

Hapa usiwe na haraka. Dakika hizi kumi na tano ndizo zinazoamua kama santuri zako zitaishi.

Kwanza mashine ilale sawa. Weka pimamaji juu ya sahani, au bilauri pana yenye maji kidogo ikiwa huna, huku mashine imezimwa. Rekebisha miguu. Kisha rudisha kizuia mtelezo (kile kinachozuia mkono usivutwe kuelekea katikati) kwenye sifuri, toa kifuniko cha sindano kwa uangalifu, uzungushe uzito ulio nyuma ya mkono hadi mkono uelee hewani wenyewe, haupandi wala haushuki. Ni kama mizani ya sokoni iliyotulia. Ukishaelea, shika uzito usizunguke, geuza ile pete yenye namba hadi isome sifuri. Sasa zungusha uzito na pete kwa pamoja hadi kwenye gramu zilizoelekezwa na mtengenezaji wa sindano, ambazo kwa sindano za kawaida huwa kati ya 1.5 na 2.5. Kizuia mtelezo nacho kiweke kwenye namba hiyo hiyo.

Wapo wanaodhani uzito mdogo ndio unaoihurumia santuri. Sivyo. Sindano nyepesi kupita kiasi hurukaruka ndani ya mfereji na kuukwangua kuta. Fuata namba ya mtengenezaji.

Hatua ya 5: Spika na kiti chako

Spika mbili na kichwa chako vifanye pembetatu yenye pande sawa. Zile spika ndogo za sauti nyembamba ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa. Ukizisukuma kwenye kona, besi huvimba. Ukizivuta mbele kidogo kidogo, huku wimbo mmoja unaoujua unarudiwa, utafika mahali mwimbaji anasimama katikati, pale ambapo hakuna spika yoyote. Hapo weka alama ya chaki sakafuni.

Nje ni habari nyingine. Hakuna kuta za kurudisha sauti, na kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua kwa takribani desibeli sita. Dawa si kuongeza sauti hadi jirani afunge madirisha. Isogeze spika ndogo karibu na unapofanyia kazi. Kumbuka masikio pia: Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima wasizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda huo nusu.

Hatua ya 6: Kuchagua na kuosha santuri

Itoe kwenye jalada, ishike kwa ukingo na kibandiko cha katikati tu, uiinamishe chini ya taa. Mikwaruzo myembamba kama nywele mara nyingi haisikiki. Mkwaruzo unaoweza kuuhisi ukipitisha ukucha kwa wepesi utausikia kila mzunguko. Ilete usawa wa macho uone kama imepinda. Angalia pia tundu la katikati: vijistari vingi kulizunguka maana yake imechezwa sana na mtu asiyeangalia anapoiweka. Wauzaji hutumia herufi, na ujue kwamba G, inayodaiwa kuwa "nzuri", kwa vitendo ni santuri iliyochoka. Tafuta VG+, yaani "nzuri sana na zaidi", kwenda juu.

Kuosha: maji yaliyochujwa kwa mvuke, matone mawili ya sabuni laini ya vyombo kwa lita, na kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Futa kwa kufuata mzunguko wa mifereji, suuza kwa maji yale yale yasiyo na sabuni, simamisha ikauke kivulini. Kibandiko kisilowe. Onyo moja: santuri nzito za kale za mizunguko 78 nyingi zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu, na spiriti huiyeyusha. Pia mifereji yake ni mipana, inataka sindano yake maalumu.

Zihifadhi zimesimama wima kama vitabu. Ukizilaza moja juu ya nyingine, za chini hulipa.

Hatua ya 7: Vyungu na udongo

Sasa tunatoka nje. Chombo chochote kinafaa mradi kina matundu chini. Mrehani au nanaa hutosheka na chungu chenye upana wa sentimita 15 hadi 20. Mche mmoja wa nyanya unataka ndoo ya lita 20, na usidanganywe na udogo wake wakati wa kuupanda. Nanaa ipewe chungu chake peke yake. Mizizi yake hutambaa na kuvamia kama mgeni aliyeahidi kulala usiku mmoja.

Utashauriwa uweke kokoto chini ya chungu ili maji yatoke upesi. Nilifanya hivyo miaka mingi. Kumbe maji hayapendi kuvuka kutoka udongo laini kwenda kokoto. Hujikusanya juu yake, na eneo lenye tope linapanda karibu na mizizi badala ya kushuka. Jaza udongo mzuri mpaka chini, tundu lifunike kwa kipande cha wavu.

Udongo mzuri ni upi? Ulowanishe kidogo, ufumbate mkononi, ufumbue. Ukibaki donge linalong'aa na kunata, mfinyanzi umezidi. Ukimwagika wote, ni mchanga. Ukibaki donge linalovunjika ukilidokoa kwa kidole, huo ndio tifutifu unaoutafuta. Mimi huchanganya sehemu mbili za udongo, moja ya mboji iliyoiva na moja ya mchanga mnene. Mboji iliyoiva hunuka kama ardhi baada ya mvua. Ikinuka kama choo, bado. Ongeza majani makavu, igeuze, subiri.

Hatua ya 8: Kusia mbegu

Mwaka wa kwanza usivuke aina nne. Ningechagua figili, saladi, mrehani na nanaa. Figili kwa sababu huota ndani ya wiki na huvunwa kwa takribani mwezi mmoja, na mwanafunzi anahitaji ushindi wa mapema. Nanaa usiisie: chukua kitawi, kitie kwenye bilauri ya maji dirishani hadi kitoe mizizi.

Kanuni ya kina ni mara mbili hadi tatu ya unene wa mbegu. Mbegu za saladi nyunyiza juu ufunike kwa udongo mwembamba mno, kwani zinataka mwanga. Na joto likizidi nyuzi 27 hivi nyingi hugoma kuota, kwa hiyo kitalu chake kikae penye ubaridi. Ukisia mrehani, inama utazame kwa karibu baada ya kuuloanisha udongo. Kila mbegu nyeusi hujivika koti la ute wa kijivu, imevimba kama jicho la samaki mdogo. Ule ute hushika maji wakati mzizi unajiandaa. Mara ya kwanza nilidhani ni ukungu nikazitupa zote. Usirudie kosa langu.

Adui mkubwa wa kitalu ni kinyausi: miche iliyosimama vizuri jana, leo imelala, shina limenyauka pale linapotoka udongoni. Huletwa na vimelea vya ukungu vinavyopenda unyevu uliotuama. Hakina tiba kwa mche uliokwisha kulala. Kinga ni chombo kisafi, mbegu zisizosongamana, hewa inayopita, na maji ya kunyonywa kutoka chini badala ya kumwagwa juu. Miche ikiwa na majani manne ya kweli ihamishe, lakini kwanza izoeze nje kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi.

Hatua ya 9: Maji

Watu huua mimea ya vyunguni kwa maji mengi kuliko kwa kiu. Nilikuwa na rozimari nzuri niliyoimwagilia kila jioni kwa mapenzi, na kadiri ilivyonyauka ndivyo nilivyoongeza maji. Nilipoing'oa mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, inanuka. Mmea uliozama na mmea wenye kiu hunyauka kwa sura ile ile. Tofauti iko chini.

Kwa hiyo chomeka kidole hadi pingili ya pili. Kukiwa na unyevu, ondoka. Kukiwa kukavu, mwaga hadi maji yatoke kwenye matundu, kisha acha. Njia ya pili ni kunyanyua: beba chungu mara tu baada ya kukimwagilia, mkono ukariri uzito wake, ukibebe tena kesho kutwa. Baada ya wiki mbili mkono utajua bila kidole. Asubuhi ni bora kuliko jioni, majani yapate muda wa kukauka. Nyanya usizikawize kwa kiu kisha uzigharikishe. Kalsiamu hushindwa kufika kwenye tunda na kitako chake huoza kikawa cheusi. Tandaza majani makavu juu ya udongo, unyevu utadumu.

Hatua ya 10: Chakula na wadudu

Udongo wa chunguni huchoka upesi kwa kuwa kila umwagiliaji huosha rutuba. Nyongeza ya mboji kila mwezi hutosha mboga za majani. Nyanya na pilipili zikianza maua zinataka potasiamu zaidi na naitrojeni kidogo, la sivyo utavuna majani. Basi, mengi zaidi ya hayo yasubiri mwaka wa pili.

Vidukari huketi kwenye vichomozi na chini ya majani. Waoshe kwanza kwa maji ya nguvu. Wakirudi, kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini kwa lita moja ya maji, nyunyiza jioni upande wa chini wa majani, maana sabuni huua wale tu inaowagusa. Jaribu jani moja na usubiri siku nzima kabla ya mmea wote.

Hatua ya 11: Kuviunganisha

Hivi ndivyo asubuhi yangu ya mapumziko inavyokwenda. Mikono ikiwa bado safi, naiweka santuri na kufungua dirisha. Upande wa kwanza ni wa kazi zisizo na uchafu mwingi: kumwagilia, kupekua majani, kufunga nyanya kwenye vigingi. Nanawa, nakausha vidole, nageuza. Upande wa pili sifanyi kitu. Nakaa kwenye ile alama ya chaki, simu iko chumba kingine. Kazi za kuchafuka, kama kuchanganya udongo na kuhamisha miche, hizo zinapewa CD au simu, kwa sababu mikono ya udongo haigusi santuri. Chembe moja ya mchanga kwenye mfereji hufanya kazi ya patasi.

Katika upande wa kusikiliza, fuata jambo moja tu. Leo besi peke yake, kutoka mwanzo hadi mwisho. Wiki ijayo ngoma. Wimbo ulioujua miaka kumi utakutolea mlango ambao hukuwahi kuuona.

Je, mimea nayo inafaidi? Mwaka 1976, Mort Garson alitoa nchini Marekani santuri nzima ya ala za kielektroniki iliyotungwa kwa ajili ya mimea, kwa hiyo wazo si geni. Na mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri walionyesha kwamba mmea mdogo wa Arabidopsis, ukitetemeshwa kwa mtikisiko wa kiwavi anayetafuna, huongeza zaidi kemikali za kujilinda pindi viwavi wanapoushambulia baadaye. Lakini mtikisiko wa taya za kiwavi si wimbo. Mimi nacheza kwa ajili yangu. Figili zangu hazijawahi kuomba kitu.

Weka daftari moja kwa yote mawili. Ukurasa wa kushoto: tarehe, kilichosiwa, kilichoota, kilichokufa. Wa kulia: kilichochezwa, na saa za sindano zikijumlishwa. Usipoandika saa hizo, utakuja kuzikumbuka siku sauti ya "s" inapoanza kukwaruza.

Ukisafiri wiki mbili

Kusanya vyungu vyote kivulini, vikaribiane. Jaza ndoo maji, iinue juu kidogo kuliko vyungu, na toka ndoo hadi kila chungu pitisha utambi wa pamba uliolowanishwa, ncha moja ndani ya maji na nyingine imezikwa udongoni. Ijaribu mbinu hii siku tatu kabla ya safari, si asubuhi ya safari. Vuna kila kilichokaribia kuiva. Ndani, rudisha kifuniko cha sindano, funga mkono kwenye kishikio chake, chomoa waya ukutani, vuta pazia.

Ukirudi usikimbilie kopo la maji. Nyanyua vyungu kimoja kimoja, chomeka kidole, ng'oa kilichokufa. Kisha nawa mikono na uweke ile santuri uliyoiacha kwenye sahani, ukianzia upande wa pili, maana ule wa kwanza uliusikiliza ukifunga mizigo.